Timu Isiyokuwa na Uwanja

Msimu huu wa joto walitualika sisi wakongwe wa timu ya besiboli ya chuo, tuje tucheze na vijana wa sasa mechi ya kirafiki kule Stanmore, pembeni mwa London. Nikamchukua binti yangu, tukatoka Thamesmead asubuhi, tukabadilisha treni, tukafika. Kijana mmoja mwenye kofia ya timu, mpole, kapewa kazi ya kutusimulia historia kabla ya mchezo. Akasimulia. Ligi walizoshinda, nchi walizotoka wachezaji, fulana zilivyobadilika rangi. Halafu akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba timu imekuwa ikicheza kwenye uwanja huu tangu ilipoanzishwa.

Tangu ilipoanzishwa! Loo! Nusura nimwage soda. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, akanivuta mkono kuniuliza mbona nimekunja uso. Nikamwambia huyu kaka anasema asichokijua. Si kosa lake, hakuwepo, naye aliambiwa na aliyeambiwa. Lakini mimi nilikuwepo, na mwaka ninaousema mimi timu hiyo haikuwa na pa kuweka mguu, ikabaki kidogo tu isiwepo kabisa. Ndiyo maana nimekaa naandika.

Nilikuja London kusomea kazi ya maabara za hospitali. Wiki ya kwanza chuoni kulikuwa na siku ya vyama vya wanafunzi, ukumbi mzima meza kwa meza, kila meza inakuita uje ujiunge. Mimi nilikuwa nazunguka natafuta vya bure: kalamu, biskuti, mifuko. Sioni haya kusema, mwanafunzi gani hapendi cha bure? Mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na mlango wa choo, palikuwa na meza ya besiboli, na nyuma yake kasimama kijana wa Kisingasinga na kilemba chake cha bluu, hana hata mteja mmoja. Nilipomkaribia, bila salamu wala nini, akanirushia mpira. Nikaukwepa. Akarusha wa pili, nikaukwepa. Wa tatu akautupa kwa nguvu kidogo, nao ukapita sikioni ukagonga mlango wa choo, na aliyekuwa ndani akapiga yowe.

Ngoja niwaeleze wasioijua rede. Sisi watoto wa kike wa Tanga tuliicheza kila jioni baada ya kuosha vyombo. Wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira wa soksi kuukuu, na wewe uliye katikati kazi yako ni kuukwepa. Ukipigwa, umetoka. Mtaani kwetu mimi sikuwa napigika. Waliokuwa wakirusha walichoka wakaitwa kwenda kula, mimi bado nimo ndani.

Yule kijana akacheka mpaka akashika meza. Akasema mtu anayeuona mpira namna ile, akifundishwa kuudaka badala ya kuukimbia, atafika mbali. Akanipa fulana palepale. Yeye alizaliwa Southall, lakini bibi yake alikuwa mtu wa Nakuru, na kwake alikuwa ameokota maneno machache ya Kiswahili: dada, haraka, fagia. Tangu siku ile akawa ananiita dada. Ndiye aliyekuwa nahodha, ndiye aliyeianzisha timu, na ndiye aliyekuwa akizifua fulana nyumbani kwao mama yake akilalamika.

Timu yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Waliokataliwa na kriketi, waliochoka na mpira wa miguu, wawili waliokuja kwa kufuata wapenzi wao. Mrushaji wetu alikuwa Mjapani aliyekuwa akisomea uhandisi, mtu wa maneno machache sana, na ndiye peke yake aliyekuwa akijua anachokifanya. Siku moja alikuja Mmarekani. Tulifurahi kama tumeletewa bwana harusi. Akasimama pembeni akatutazama tunavyofanya mazoezi, akaomba radhi kwa adabu kabisa, akaenda zake, na hatukumwona tena.

Mechi yangu ya kwanza niliwaaibisha. Mpira ulikuja kwangu chini chini, nikaudaka, kila mtu akashangilia. Mbele yangu palikuwa na mkimbiaji wa wapinzani anakwenda kituo cha pili. Kilichotakiwa ni nimrushie mwenzangu aliyesimama pale kituoni. Mimi damu ya rede ikanipanda. Nikamlenga mkimbiaji mwenyewe, nikamtandika mgongoni, pwaa! Halafu nikarusha mikono juu nikipiga kelele, "Katoka! Katoka!" Maskini ya Mungu, yule kijana alikimbia huku kashika mgongo, na wenzake wote nyuma yake wakakimbia, mpira unazunguka nyasini hauna mwenyewe, wakatufunga. Mwamuzi akaja akaniuliza kama nina ugomvi na yule mtu. Nahodha ndiye pekee aliyeelewa. Alikuwa amelala chini anacheka, kwa sababu bibi yake alikuwa amemsimulia mchezo huohuo, wao Kenya wakiuita kati.

Basi tulifungwa. Tulifungwa sana. Lakini kufungwa hakukuwa shida yetu, kufungwa tulikuzoea. Shida ilikuwa uwanja.

Mwaka ule tulifukuzwa kila mahali. Bustani ya kwanza mbwa walikimbia na mipira, na wenye mbwa wakatukasirikia sisi. Ya pili watu wa mpira wa miguu walitukuta tumepanga vituo vyetu, wakaviokota kimya kimya wakavirundika pembeni, wakaanza mechi yao. Ya tatu mlinzi akasema viatu vyetu vinachimba nyasi. Tulikuwa tunasafiri na mifuko ya magongo kwenye treni, abiria wanajisogeza, tunashuka hapa tunafukuzwa, tunapanda tena. Chuo kikasema wazi: timu isiyokuwa na uwanja wake mwisho wa mwaka inafutwa. Na haki yao, mtu hawezi kuitwa mkulima na shamba hana.

Ndipo nahodha akaupata huu wa Stanmore, kule reli inakoishia. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ikatupa kwa majaribio, msimu mmoja. Masharti yalikuwa mepesi na yalikuwa magumu: siku ya mechi ya mwisho afisa wao atakuja, atagonga milango ya nyumba zinazopakana na uwanja, atawauliza majirani. Akipata mmoja wa kulalamika, basi. Nahodha alituambia hayo tukiwa tumekaa nyasini, na alikuwa anang'oa majani moja moja. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akimaliza alikuwa anangojewa dukani kwa baba yake, duka la vifaa vya ujenzi, kaunta imeshapangwa, hata koti la kazi limeshanunuliwa. "Mimi sikatai duka," alisema. "Ila duka alianzisha babu. Hiki ndicho kitu pekee nilichokianzisha mimi. Nataka nikiondoka kibaki." Hakuna aliyemtania. Nasi ni watu wa kutaniana muda wote.

Tukawa na adabu hasa. Tukiokota takataka hata zisizo zetu, tukisalimia kila anayepita. Hatukupiga makelele. Na palikuwa na upande mmoja wa uwanja uliokuwa mfupi mno, umeishia kwenye uzio wa nyumba za watu, na huko tulikatazana kupiga. Nani kasema mpira una masikio? Jumapili moja kwenye mazoezi, Mjapani wetu, ambaye kupiga si kazi yake, akajaribu kupiga. Akaupata vizuri mno. Mpira ukaruka juu ya uzio, tukasikia kioo kikivunjika, na baada ya kioo, sauti ya mwanamke.

Tulikwenda wanne kuomba msamaha: nahodha, Mjapani, mimi, na msichana mmoja wa hapahapa aliyekuwa hodari wa kusema pole. Akatufungulia bibi mmoja wa Kihindi, mfupi, nywele nyeupe, sari ya kahawia na sweta juu yake. Mpira kaushika mkononi. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda chake cha vioo alimootesha pilipili, kotimiri na bamia, na mpira wetu ulikuwa umetua katikati ya bamia. Alikuwa amekasirika hasa. Akasema kwa Kiingereza kwamba yule mtu wa kaunsili aje tu, maneno anayo tayari.

Halafu macho yake yakanifikia mimi.

"Wewe, kwenu wapi?" Kiswahili! Kiswahili cha haraka haraka, cha dukani na jikoni, lakini Kiswahili.

"Tanga, Bibi. Shikamoo."

"Tanga! Marahaba, marahaba! Mimi wa Mwanza. Nimezaliwa Mwanza, nimeolewa Mwanza." Hasira yote ikamtoka usoni. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza barabara, akaniuliza mvua, akaniuliza kama watu bado wanakula mihogo ya kukaanga barabarani. Nahodha nyuma yangu akanifinya kidogo, maana yake endelea dada, endelea hivyohivyo.

Akatupitisha hadi nyuma, akatukalisha kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Chai ikaja kwenye sinia. Chai ya maziwa, tangawizi na iliki, harufu yake ikanipeleka nyumbani moja kwa moja. Vikombe vya kauri vyenye maua ya waridi, na visahani vyake. Nahodha akapewa, Mjapani akapewa, yule msichana wa Kiingereza akapewa. Mwafrika pale nilikuwa mimi peke yangu. Nikamwona bibi anainama, anafungua kabati lililo chini ya sinki, anatoa kikombe cha bati, cheupe, mdomo wa bluu, kimebanduka rangi ubavuni. Akakisuuza, akakimiminia chai, akaniletea huku anatabasamu. "Kunywa, kunywa, usione haya."

Kikombe kile nilikuwa nakijua. Si chenyewe, ndugu yake. Mama yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kule Tanga. Hawakuwa watu wabaya, sitasema uongo. Nilipougua malaria walitoa gari lao. Lakini mama alikuwa na kikombe chake. Kilikaa chini ya sinki pamoja na sabuni na steliwaya, na mtu mwingine wa nyumba ile hakukigusa hata kwa kidole. Mama alikuwa akirudi jioni anatutania, "Jamani, kikombe changu mimi hakina mwizi." Sisi tunacheka. Nilikuwa mtu mzima kabla sijaacha kucheka.

Na sasa niko Stanmore, nina fulana ya chuo, nimekabidhiwa kikombe cha mama yangu. Nikamtazama nahodha, naye anatazama kile kioo kilichovunjika. Nikafunika kombe mwanaharamu apite. Nikanywa.

Bibi akasema turudi Jumapili ijayo tumtengenezee kioo chake, na mimi nisikose, tuzungumze. Na yale ya mtu wa kaunsili? "Tutaona," akasema. "Wewe njoo kwanza."

Kwenye treni wenzetu walikuwa wanapongezana. Nahodha akaja akakaa kando yangu. Akasema polepole, "Dada, nimekiona kile kikombe." Nilidhani hakuna aliyeona. Akaniambia kwao Southall ipo bilauri ya chuma, anapewa fundi wa bomba na mama anayekuja kufanya usafi, na yeye kakua anaiona na hajawahi kuuliza. Alikuwa anaongea na mfuko wa magongo, mimi hanitazami. "Usirudi pale. Tukifukuzwa tufukuzwe, tumeshazoea." Alisema kiume, lakini sauti ilimkatika njiani, na mimi nilimpenda sana ndugu yangu yule saa ile, na nikajua nitarudi.

Siku iliyofuata nikampigia mama simu nikamweleza. Nilitaka akasirike. Yeye akaniuliza, "Chai ilikuwa na tangawizi?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi wale ni hodari wa chai." Akacheka kidogo. Halafu nikasikia kuku wanapiga kelele uani kwetu. "Mwanangu, mimi nilikinywa kwa ajili yako, usome. Wewe unakinywa kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia habari za timu, nahodha, uwanja. Akasikiliza yote. Akasema, "Haya," neno hilo tu, na haya ya mama yangu inaweza kubeba gunia zima.

Jumapili nikarudi na Mjapani, aliyesema yeye kavunja na yeye atatengeneza. Alikuja na kioo kimekatwa sawasawa na puti ya kukibandikia. Yeye akafanya kazi yake kibandani, mimi nikakaa na bibi kwenye ngazi. Na niseme kweli, nilimpenda. Alinichekesha. Alinisimulia Mwanza ya utoto wake, mawe yaliyopandana ziwani, sato waliokuwa wakiletwa mlangoni wangali wanaruka. Alinisimulia yaya wake aliyembeba mgongoni mpaka akawa mkubwa wa kumwonea aibu. "Kiswahili nilikinyonya kwake," alisema. "Mume wangu alipokufa, nikabaki sina wa kusema naye. Watoto wakipiga simu ni Kiingereza tu. Sasa Mungu kaniletea mgeni. Utakuja kila Jumapili, si ndiyo?" Nikamwambia nitakuja. Nilikuwa nimedhamiria kuja.

Akainuka kwenda kuchemsha chai. Nikasema moyoni, Yarabi, leo mkono wake uende kwingine. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona anatoa kikombe cha maua, kimoja, cha Mjapani. Kisha akainama.

Aliponiletea, mikono yangu ilikataa kunyanyuka.

"Bibi, mimi hiki sinywi."

"Kwa nini? Kisafi hicho, nimekiosha mwenyewe."

"Najua ni kisafi. Mama yangu alikuwa na cha namna hii kwenye nyumba aliyofanyia kazi. Alikiosha mwenyewe miaka yote, maana hakuna mwingine aliyekubali kukigusa. Huyu mwenzangu umempa cha maua, na ndiye aliyekuvunjia kioo. Mimi umenipa cha chini ya sinki. Niambie kwa nini, Bibi."

Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Akakitazama tena. Naapa hakuwa amefikiria, mkono ulikwenda wenyewe pale ulipozoea kwenda, na mazoea yana taabu. Lakini mtu akishaonyeshwa hawezi tena kusema hakuona. Uso ukamwiva.

"Ndivyo tulivyolelewa," akasema. "Ni desturi tu."

"Na kwetu desturi mgeni anapewa kikombe kizuri kuliko vyote, hata kama ni cha kuazima kwa jirani. Nawe umesema mwenyewe mimi mgeni wako."

"Umekuja kunitukana nyumbani kwangu?"

"Sijakutukana. Nimekuuliza."

"Toka!" Sauti ilimpanda, nikaona na machozi yanampanda. "Toka, na huyu mwenzako. Tokeni!"

Mjapani hakuelewa neno hata moja, ila alielewa. Akakandamiza kona ya mwisho ya kioo kwa kidole gumba, akaifuta kwa kitambaa, akainama mbele ya bibi, tukatoka.

Nililia njia nzima hadi steshini. Nililia kwa hasira, nikalia kwa kuwa yule bibi nilimpenda na nimemliza, na zaidi ya yote nikamlilia nahodha. Mtu kaweka kitu chake cha pekee mikononi mwangu, nami mdomo wangu huu wa Tanga umekibwaga. Nilimwambia siku ileile, sikupunguza neno. Alikaa juu ya mfuko wa magongo akalegeza kamba za glavu yake, akazifunga, akazilegeza tena. "Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo," alisema mwishoni. Kisha akasema, "Hapana. Mimi nisingesema. Nimekaa na ile bilauri nyumbani miaka yote sikusema." Afadhali angenitukana, ningejua pa kujitetea.

Siku ya mechi ya mwisho ilikuwa na jua, na upepo wa baridi chini ya jua, yale mambo ya London. Tulicheza hatuna roho. Tulikuwa tumefungwa vibaya, na hakuna aliyekuwa anatazama mchezo, wote macho kwenye zile nyumba. Afisa wa kaunsili akaja, kijana mwembamba na koti la mvua, akaanza mlango wa kwanza. Akaenda wa pili. Akafika kwa bibi.

Bibi akampitisha hadi nyuma, akasimama naye kwenye ngazi za jikoni na sweta lake. Kwa mbali tuliona bibi ndiye anayesema na afisa anatikisa kichwa. Bibi akanyoosha mkono kuelekea kibanda. Akanyoosha mkono kuelekea kwetu. Mpira ulimpita nahodha hapo miguuni, hata hakuinama. Mwamuzi alipiga kelele, nahodha akamwambia ngoja kidogo, tafadhali, ngoja.

Afisa akavuka uwanja katikati ya mchezo akaja kwetu. Akasema majirani wote hawana neno. Akasema yule bibi wa mwisho kamweka muda mrefu, kamwambia kioo kilivunjika na kikatengenezwa vizuri kuliko vile vya zamani, na kwamba nyumba ile ina ukimya mwingi, kelele za vijana siku ya Jumapili hazimdhuru mtu. Majaribio yamekwisha, akasema, mwakani mtaomba kama timu nyingine zote zinavyoomba.

Nahodha alikaa chini palepale alipokuwa. Akajifunika uso kwa glavu, na mabega yakawa yanamtikisika, na Mjapani akaenda akasimama mbele yake kumkinga watu wasimwone. Wengine wakapiga vigelegele vya ovyo ovyo, kila mtu na vya kwao. Mimi miguu ilishaondoka. Nilikimbia mpaka mlango wa mbele wa bibi, na fulana yangu na vumbi langu, nikabisha hodi.

Hakufungua. Lakini nilikiona kivuli chake nyuma ya kioo cha mlango, kasimama karibu kabisa, ningeweza kumgusa.

"Hodi, Bibi. Ni mimi. Nimekuja kusema ahsante."

Nikagonga tena kidogo.

"Bibi, nifungulie."

"Umenitia aibu nyumbani kwangu," akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno usiku kucha. "Na ulisema kweli. Mambo hayo mawili mimi siwezi kuyameza pamoja, mwanangu, nimezeeka. Nimemwambia yule mtu awaachie uwanja. Uwanja chukueni. Mlango niachie mimi."

Nilisimama pale. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kubisha tena. Nilitaka kumwambia kwamba sina kinyongo, na isingekuwa kweli. Nilitaka kumwambia kwamba kinyongo ninacho, na hiyo pia isingekuwa kweli yote. Nikashusha mkono, nikasema, "Ahsante, Bibi," kwa sauti ya kutosha apate kusikia, na kile kivuli kikatoka kwenye kioo.

Niliporudi zamu yangu ya kupiga ilikuwa imefika, na wote wamesimama wananingoja. Nahodha alikuwa ameshanyanyuka, macho mekundu, anacheka. Akanipa gongo. "Dada," akaniuliza, "amesemaje?"

"Kasema tucheze," nikamjibu.